Deni la Askari na Ulimi wa Mwanasiasa



Wako watu wanaodhani kwamba mtu asiyepata kubeba bunduki hana haki ya kusimama mbele ya askari wa zamani akataka wamwamini. Na wako wengine wanaodhani kinyume chake: kwamba vita ni vita na siasa ni siasa, na aliyejificha wakati wa shida hana la kuulizwa wakati wa raha. Kauli zote mbili zina kasoro. Katika somo hili twataka kuonyesha, kwa mifano ya nchi zetu wenyewe, kwamba linalomvunjia mwanasiasa heshima mbele ya askari si kule kutokwenda vitani. Yamvunjiayo heshima ni mambo mawili: kusema uwongo juu ya nafsi yake, na kula deni la wale waliokwenda.

Ardhi ya askari

Tuanze na mahali. Kibera, huko Nairobi, yajulikana leo kwa msongamano wa nyumba za udongo na mabati. Ina vijiji vingi: Makina, Lindi, Laini Saba, Gatwekera, Kisumu Ndogo na vinginevyo. Asiyejua habari zake hudhani ni mtaa wa maskini uliojiotea wenyewe kama magugu. Sivyo. Kibera ilianza kuwa ardhi ya askari, na askari wale walikuwa Waislamu.

Askari hao ni Wanubi, na asili yao ni Sudan. Walikuwa katika jeshi la Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua akawatia katika utumishi wa Kiingereza huko Uganda. Jeshi la Keya lilipoundwa tarehe 1 Januari 1902, wao walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Mwaka 1904 wakaanza kukalishwa Kibera, na jina lenyewe, kibra, ni neno la Kinubi, maana yake msitu. Mwaka 1918 Serikali ikaitangaza rasmi ardhi hiyo kuwa ni ya jeshi, ekari 4,197. Askari aliyemaliza muda wake wa utumishi alipewa ruhusa ya kujenga nyumba na kulima shamba hapo pamoja na ahali zake.

Basi hapa tutazame vizuri, maana ndipo ilipoanza dhiki yote. Ruhusa si miliki. Askari alipewa karatasi ya kukaa, hakupewa hati ya kumiliki. Maadamu ardhi ilikuwa chini ya jeshi, maofisa walimjua mtu wao na utumishi wake. Lakini mwaka 1928 ardhi ikatoka mikononi mwa jeshi ikaingia katika utawala wa kiraia, na tangu siku hiyo neno la askari likawa mikononi mwa watu ambao hawakuwa naye vitani. Aliyeahidi alikuwa ofisa wa jeshi. Anayedaiwa akawa mwanasiasa.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, ardhi ya Kibera ilihesabiwa kuwa ni mali ya Serikali, na wazee wale na watoto wao wakahesabiwa kama watu waliokaa pasipo haki. Ardhi ikamegwa kidogo kidogo, ikajengwa mitaa ya watu wenye uwezo, kama vile Ayany, Olympic na Ngei. Wakati huo huo watu wa bara walikuwa wakimiminika Nairobi kutafuta kazi, wakapanga vyumba Kibera. Wengi waliotoka pande za Nyanza wakajikusanya mahali pamoja, na mahali hapo pakaitwa Kisumu Ndogo.

Mwishoni mwa mwaka 2001 wakubwa wa Serikali walisimama Kibera wakasema kwamba kodi za nyumba zishushwe. Neno hilo lilikuwa tamu masikioni mwa mpangaji. Lakini hawakuleta pamoja nalo hati ya ardhi kwa mwenye nyumba, wala maji, wala njia, wala mahakama ya kuamua baina ya wawili hao. Kilichofuata ni mapanga na moto baina ya wenye nyumba wa Kinubi na wapangaji, wengi wao Waluo, na watu kadhaa wakauawa. Mjukuu wa askari wa Keya akapigana na mtu ambaye huenda babu yake naye alikuwa mpagazi wa Kariakoo katika vita vya Mjerumani, kwani Nyanza ilitoa wapagazi wengi mno. Deni lisilolipwa na mkubwa liligeuka ugomvi wa maskini kwa maskini.

Watu wa namna tatu

Sasa tuje kwenye swali la yule asiyekwenda vitani. Hao si watu wa namna moja, na kuwatia wote katika kapu moja ni dhulma.

Tunaosoma Sira twakijua kisa cha Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra. Ilikuwa wakati wa joto kali, na tende zimeiva. Wako waliobaki Madina kwa udhuru wa haki: wagonjwa, wanyonge, na waliokosa kipando, hata wengine wakarudi wakilia kwa kukosa cha kuwachukua. Hao hawakulaumiwa. Wako waliobaki bila ya udhuru, na Mtume (s.a.w.) aliporejea, wapatao themanini na zaidi walimwendea wakaapa viapo vya uwongo. Na wako watatu, Kaab bin Malik, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya, waliosema kweli kwamba hawakuwa na udhuru wowote. Hawa watatu waligomewa na watu kwa muda wa siku 50, kisha toba yao ikakubaliwa, na habari zao zimo katika Sura ya At-Tawba. Waapaji wa uwongo waliachiliwa siku ile, lakini heshima yao haikurudi mpaka leo.

Hatusemi kwamba vita vya Mwingereza na Mjerumani vilikuwa kama Tabuk. Hasha. Vita vile havikuwa vyetu, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Twachukua mizani tu: mwenye udhuru, mwenye kusema kweli, na mwenye kusema uwongo. Kwa mizani hiyo tuwapime wakubwa wa nchi zetu.

Mzee Kenyatta na vita viwili

Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, aliviepuka vita vyote viwili vikuu. Mwaka 1917, Serikali ilipokuwa ikiwakusanya watu kwa nguvu kuwapeleka Kariakoo, yeye alihamia Narok kwa jamaa zake wa Kimasai. Na haikuwa ajabu kukimbia. Wapagazi waliokufa katika vita vile, kwa hesabu za wakubwa wenyewe, walizidi 40,000, na wengi hawakuuawa na risasi bali na njaa, homa na tumbo la kuhara. Vilipokuja vita vya pili alikuwa Uingereza. Alikaa katika kijiji cha Storrington, wilaya ya Sussex, na mwaka 1940 akashika kazi ya shamba, kazi ambayo ilimwepushia kuandikishwa jeshini. Aliomba kuingia katika walinzi wa kijiji, akakataliwa.

Huku nyuma Kenya peke yake ilitoa karibu watu laki moja kwenda jeshini. Walipigana na Mtaliana katika Uhabeshi, kisha wakapelekwa Burma kupigana na Mjapani. Sisi watu wa pwani tusisahau kwamba meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Kilindini mwezi wa Februari 1944 ikielekea Colombo, na tarehe 12 ya mwezi ule ikazamishwa na manowari ya Kijapani. Watu 1,297 walikufa, na miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki.

Kenyatta alirudi Kenya kwa kupitia Mombasa mwezi wa Septemba 1946, na mwaka 1947 akawa rais wa chama cha KAU. Je, wale waliotoka Burma na Misri walimkataa kwa kuwa hakuwa nao? La. Bildad Kaggia, aliyekuwa sajini katika jeshi na kufika Mashariki ya Kati na Uingereza, alikuwa miongoni mwa wenziwe. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma na baadaye akajulikana kwa jina la Jenerali China, alimfuata pia. Sababu ni wazi. Kenyatta hakudai kwamba alipigana. Na askari wenyewe walikuwa wamekwisha kujua vita vile vilikuwa vya nani. Walipotoka jeshini, Mzungu mwenzao alipewa mikopo na mashamba katika nyanda za juu; Mwafrika alirudishiwa kipande chake akaambiwa atafute kazi. Waliona kwamba asiyekwenda na waliokwenda wana dai moja, nalo ni ardhi. Wakamwamini kwa sababu alisema dai lao.

Mwaka 1952 alikamatwa, na pamoja naye Kaggia na wenzao wanne. Wakahukumiwa Kapenguria, na Kenyatta hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Kwa hiyo katika vita vya msituni vya Mau Mau vile vile hakubeba silaha. Lakini nani atamlaumu mfungwa kwa kuwa hakuwa msituni? Huo ni udhuru wa haki.

Lawama ilikuja baadaye, na hapa ndipo penye funzo. Mwaka 1962, huko Githunguri, aliwaambia watu kwamba Mau Mau ilikuwa maradhi yaliyokwisha, na kwamba isikumbukwe tena. Uhuru ulipopatikana, wapiganaji walitoka msituni wakitaraji kurudishiwa ardhi. Wakakuta ardhi yauzwa kwa mkopo, na asiye na fedha hapati. Kaggia aliwatetea wasiokuwa na ardhi, na mwaka 1964 akatoka katika cheo chake serikalini. Mwaka 1965 Rais alimsuta mbele ya umma huko Kandara, akimlinganisha na wenziwe waliofungwa pamoja, ambao wamekwisha kujipatia mali, na kumuuliza yeye amejifanyia nini. Mau Mau yenyewe ilibaki chini ya marufuku ya sheria ya mkoloni, katika nchi iliyo huru, mpaka mwaka 2003.

Basi zingatieni, ndugu zetu. Imani ya wapiganaji kwa Mzee Kenyatta haikuvunjwa na Narok wala na Storrington. Ilianza kuvunjika siku walipoambiwa wasahauliwe.

Aliyejipa vita visivyokuwa vyake

Wako wanaosema kwamba dawa ya haya ni kutawaliwa na askari mwenyewe. Jirani zetu wa Uganda walilijaribu hilo. Idi Amin aliingia jeshi la Keya mwaka 1946, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa msaidizi wa mpishi. Vita vya Burma vilikwisha mwaka 1945. Lakini alipokuwa mkubwa alidai kwamba alipigana Burma, akajipachika nishani kifuani mpaka nguo ikalemewa.

Alikuwa askari kweli, na wala si aibu kuanza jikoni. Jeshi halendi bila ya chakula. Lakini alichukua vita vya watu wengine akavivaa yeye. Wazee waliolala katika matope ya Burma walimjua kila mmoja wao ni nani aliyekuwako na nani hakuwako. Mwizi wa ng'ombe huiba mali. Mwizi wa vita huiba ushahidi wa marehemu, ambaye hawezi kufufuka akamkana. Kwa hiyo kuvaa magwanda peke yake si hoja.

Aliyetaka vijana watumike

Mfano wa nne ni wa Tanzania. Mwaka 1966 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliamuru kwamba wanafunzi wanaomaliza masomo ya juu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa muda wa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara wao. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam. Walilalamika kwamba wakubwa wenye mishahara minene wanawataka vijana wajinyime, ilhali wao wenyewe hawajinyimi kitu.

Mwalimu hakuwa askari, wala hakupata kupigana katika vita vyovyote. Aliwafukuza wanafunzi hao, zaidi ya 300, wakarudishwa makwao. Wako wanaosema adhabu ile ilikuwa kali, na wana haki ya kusema. Lakini siku ile ile alifanya jambo ambalo wakubwa wengi hawalifanyi: aliukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliona kwamba katika maneno ya vijana palikuwa na ukweli, na kwamba mtu asiyebeba mzigo hana uso wa kumtwika mwenziwe.

Mambo ya ng'ambo

Wala tusidhani kwamba maradhi haya ni ya kwetu tu. Marekani, wakati wa vita vya Vietnam, vijana wa watu wakubwa walipata njia nyingi za kuepuka. Dick Cheney aliahirishiwa mara 5, kisha akawa waziri wa ulinzi na baadaye makamu wa Rais wakati wa kuivamia Iraq mwaka 2003. Donald Trump naye aliahirishiwa mara 5, mara 4 kwa ajili ya masomo na mara 1 kwa sababu ya mfupa wa kisigino. Na mwaka 2015 akamkejeli John McCain, aliyekaa kifungoni Vietnam zaidi ya miaka 5, kwa kuwa alitekwa. Na wote wawili walipata kura. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba uwongo na kejeli haviwezi kushinda uchaguzi. Vyaweza. Lakini kushinda uchaguzi na kuaminiwa ni mambo mawili mbalimbali.

Mlinganishe hao na Muhammad Ali. Mwaka 1967 alikataa kuandikishwa, akasema wazi kwamba dini yake na dhamiri yake haimruhusu. Hakutafuta cheti cha daktari. Alinyang'anywa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 5, na akazuiwa kupigana ngumi katika miaka ya nguvu zake, mpaka Mahakama Kuu ya nchi ile ilipoifuta hukumu mwaka 1971. Hata askari waliotoka Vietnam, wengi wao walikuja kumheshimu. Huyo alikataa kwa mlango wa mbele na akalipa gharama yake, hakutoka kwa mlango wa uani.

Deni likoje leo?

Katika Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam ziko sanamu za askari na wapagazi, zilizosimamishwa mwaka 1927 na baadaye kidogo. Chini yake yameandikwa maneno kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, ya kuahidi kwamba watoto watayakumbuka majina ya waliokufa. Lakini majina yenyewe hayakuandikwa. Mwezi wa Aprili 2021 taasisi ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya askari ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Na sanamu za Mombasa na Nairobi zimesimama katika barabara zinazoitwa kwa jina la Kenyatta. Aliyeepuka vita ana barabara. Waliokufa hawana hata herufi moja. Hatulisemi hili kumtukana mzee aliyekwisha kufa. Twalisema ili tujue jinsi ulimwengu unavyogawa sifa.

Na Kibera je? Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwadhulumu watoto wa Kinubi kwa kuwazungusha katika jambo la uraia. Mwaka 2017, mwezi wa Juni, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya ardhi ya ekari 288. Jambo jema huambiwa jema. Tangu Keya ya kwanza kukaa pale palikuwa pamepita zaidi ya miaka 100, na hatimaye karatasi ya ruhusa ikawa hati ya miliki. Lakini ekari 288 katika 4,197 si hata kumi moja. Na mtu wa Kisumu Ndogo, aliyezaliwa pale na kuzika watoto wake kutoka pale, bado aulizwa yeye ni nani juu ya ardhi ile.

Mizani ya kupimia

Basi wanasiasa watakapokuja, nao hawakosi kuja, wakiwa Makina, au Kisumu Ndogo, au Majengo kwetu Mombasa, msiwaulize kwanza kama walipata kushika bunduki. Waulizeni haya:

Kwanza: Wasema kweli juu ya nafsi yako? Kama hukwenda, sema hukwenda na sababu yake. Mkweli husamehewa, na aliyejisifu kwa vita vya mwenziwe hata akisema kweli kesho hatasadikiwa.

Pili: Mzigo unaotaka tuubebe, wewe na watoto wako mwabeba fungu gani?

Tatu: Waliokwisha kubeba, umewalipa nini? Si maua katika siku ya kumbukumbu, wala picha pamoja na mzee mwenye nishani. Hati iko wapi? Pensheni ya mjane iko wapi? Jina lake limeandikwa wapi?

Nne: Neno lako litawapatanisha jirani na jirani, au litawapiganisha? Mwenye kushusha kodi kwa ulimi bila ya kulipa deni la ardhi amewasha moto katika nyumba isiyokuwa yake.

Na sisi wenyewe tuna wajibu wetu. Katika kila mji wa pwani wako wazee au watoto wa wazee waliokuwa Keya. Karatasi zao zimo katika masanduku, zaliwa na mchwa. Waendeeni, andikeni majina yao, mwaka walioingia, mahali walipotumika na kile walichoahidiwa. Vijana wa darsa zetu wanajua kusoma na kuandika. Hii si kazi nzito kwao. Mwanasiasa hulikana deni lisilo na maandishi, na Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 282, imetuamuru kuyaandika madeni, yawe madogo au makubwa.

Wabillahi taufiq.